Windows Mpya Nyumbani: Tusikimbie, Tusilale

Leo tunazungumzia kitu ambacho zamani kilikuwa cha ofisi kubwa tu na sasa kimeingia sebuleni hapa kwetu Mpanda: kompyuta ya nyumbani. Ni ile ya mwalimu anayetungia mitihani, ya mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo, ya mama mwenye stationari karibu na stendi, ya katibu wa chama cha msingi anayetunza hesabu za tumbaku za wanachama wake.

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Watanzania tulikuwa tukimkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 10 ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kusoma flashi, kuchapa na kuingia mtandaoni. Ilitoka Julai 2015, ikatumika miaka kumi. Mrithi wake, Windows 11, alitoka Oktoba 2021.

Tangu siku Windows 10 ilipoachwa swali ni moja: nihame au nibaki? Wapo walioambiwa kompyuta zao zitazima zenyewe. Wapo walioambiwa hakuna lolote, hayo ni maneno ya wafanyabiashara wanaotaka kuuza mashine mpya. Msimamo wangu nautoa mapema ili unisikilize ukijua ninakoelekea. Uamuzi huu tusiufanye kwa kuangalia upya wa Windows. Tuufanye kwa kuuliza mambo matatu: kompyuta yako ina uwezo gani, inaunganishwa na nini, na ndani yake kuna karatasi za nani.

Tuanze na kile hasa kilichokoma. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika tarehe ile na haitazimika kwa sababu hiyo. Inawaka, inafungua Word, inachapa. Kilichokoma ni viraka. Kila mwezi, Jumanne ya pili, kwetu ikiwa saa mbili au saa tatu usiku, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa ndani ya Windows. Tundu ni kosa lililofanywa na waandishi wa programu bila wao kujua, na mwizi akilijua anaweza kupitia hapo kuingia kwenye kompyuta ya mtu aliyeko mbali. Windows 11 inaendelea kupata viraka hivyo. Windows 10 ya kawaida haipati tena.

Wengi wanasema, mbona miezi imepita na kompyuta yangu haijapatwa na kitu? Mkulima wa Sitalike, anayelima jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, anaijua hali hii. Mlinzi akiondoka shambani, tembo haji usiku uleule. Mahindi yanaweza kusimama wiki nzima salama, na mwenye shamba akaanza kuamini kwamba mlinzi alikuwa anakula posho ya bure. Lakini shamba limebaki wazi, na kila usiku unaopita hatari yake inaongezeka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa damu. Sehemu kubwa ya mitambo yao ya ndani ni ileile. Microsoft inapotoa kiraka cha Windows 11, wahalifu hukichukua, wakalinganisha faili la zamani na jipya, wakaona ni wapi palipozibwa. Wakishajua palipozibwa, wamejua palipokuwa na tundu. Kisha wanatafuta mashine ambazo tundu lilelile bado liko wazi. Kwa hiyo kiraka anachokipata jirani yako mwenye Windows 11 kinaweza kuwa ramani ya kuingilia kwako wewe uliyebaki nyuma. Ndiyo maana hatari hii inakua kadiri miezi inavyosonga.

Na hili si la kufikirika. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu hilohilo. Kwa siku chache kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili ya watu, kikadai dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu ya wagonjwa kwa sababu kompyuta zilifungwa. Sasa sikiliza vizuri: kompyuta nyingi zilizoumizwa siku ile zilikuwa za Windows 7, toleo ambalo wakati huo lilikuwa bado linahudumiwa. Kiraka kilikuwepo tayari, ila wenye mashine hawakukiweka.

Hapo ndipo somo la Mpanda lilipo. Ukikaa na vijana wa stationari utasikia jambo la kwanza wanalolifanya wakishapiga Windows: wanazima kuapudeti. Sababu yao naielewa. Bando linanunuliwa kwa fedha ya mfukoni, kompyuta inajiungia kwenye hotispoti ya simu, na kabla mteja hajamaliza kuchapa barua moja, GB mbili zimekwenda. Lakini mtu mwenye Windows 11 aliyezima viraka hana tofauti kubwa na mwenye Windows 10 iliyoachwa. Amehamia nyumba mpya akaacha milango yote wazi. Kama hukusudii kupokea viraka, usijisumbue kuhama. Hutakuwa umenunua usalama wowote.

Njia ya kupunguza gharama ipo. Windows inakuruhusu kuiambia kwamba mtandao unaoutumia ni wa kulipia kwa kipimo. Ukiweka mpangilio huo, upakuaji mwingi mkubwa unasubiri mpaka wewe mwenyewe uuruhusu. Basi panga siku moja katika mwezi, wiki ile ya Jumanne ya pili, ununue bando la usiku na kuiacha mashine ipakue wakati umelala. Na kama una kompyuta tatu au nne kwenye duka moja, ndani ya mipangilio ya masasisho kuna sehemu inayoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawana zilichopakua. Moja inashusha, nyingine zinachukua kwa mwenzao. Wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo, na fedha inapotea kila mwezi.

Sasa nije kwenye swali la karatasi za nani, maana ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Ingia stationari yoyote ya hapa mjini msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana anatoa flashi aliyoifunga kwa uzi wa kiatu, inachomekwa. Kwenye kioo mafaili yamejaa mpaka picha ya nyuma haionekani: cheti cha kuzaliwa cha huyu, cheti cha kidato cha nne cha yule, kitambulisho cha NIDA kilichoskaniwa mbele na nyuma, barua ya mtendaji wa kata, picha ndogo za pasipoti. Mteja wa jana hakufuta, wa juzi hakufuta, wa mwaka jana naye bado yumo. Kisha kinafunguliwa kivinjari ili kuingia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini. Ukigusa tu pale pa kuandika barua pepe, anwani za watu wengi zinashuka kama orodha, na nywila zao zimehifadhiwa humohumo.

Kompyuta hiyo ni ya mtu mmoja kwa risiti tu. Kwa ukweli wake ni kabati la nyaraka za mtaa mzima. Tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022, na imeunda Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mzazi aliyetoka Katumba au Kakese na bahasha ya vyeti vya mwanawe amekuamini. Hajui Windows ni nini, wala hapaswi kujua. Wewe mwenye mashine ndiye unayejua kwa niaba yake. Kwa hiyo uamuzi huu si wako peke yako.

Tuje kwenye uwezo wa mashine. Windows 11 ina masharti. Inataka prosesa ya biti 64, RAM isiyopungua GB 4, nafasi isiyopungua GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Lakini sharti linalowakata wengi ni kizazi cha prosesa. Kwa prosesa za Intel, zile tunazoziita i3, i5 na i7, kinachokubaliwa kwa kawaida ni kizazi cha nane na kuendelea, yaani zilizoanza kutoka nusu ya pili ya mwaka 2017.

Utajuaje kizazi cha mashine yako bila kumlipa mtu? Shika kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza pamoja nacho herufi I. Mipangilio inafunguka. Ingia sehemu ya mfumo, teremka mpaka mwisho palipoandikwa habari za kompyuta yako. Hapo utaona jina la prosesa, mathalani i5-6300U. Tazama tarakimu inayofuata baada ya kistari: ni 6, kwa hiyo ni kizazi cha sita. Ukikuta i5-8250U, ni kizazi cha nane, umo ndani. Ukikuta i5-10210U, hapo unasoma tarakimu mbili, ni kizazi cha kumi, nacho kinakubaliwa.

Kwa wale wa HP EliteBook 840, mashine iliyojaa mikoani mwetu kwa sababu ni ngumu na bei ya mtumba inafikika: ile ya G3 ni kizazi cha sita na ya G4 kwa kawaida ni cha saba, hivyo hazifiki. Ya G5 kwa kawaida ni kizazi cha nane, inafika. Kwa wenye Lenovo ThinkPad, T470 haifiki, T480 kwa kawaida inafika. Herufi na tarakimu hizo zimeandikwa kwenye mwili wa mashine. Zisome kabla hujatoa hela.

Na kama prosesa yako inakubalika lakini kompyuta inakwambia haina TPM, usikate tamaa haraka. Mashine nyingi za miaka hiyo zinayo, ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Fundi anayejua kazi anaiwasha kwa dakika chache.

Hapa lazima niseme neno moja bila kumung'unya. Sharti hili limeziacha nje kompyuta ambazo bado ni nzima kabisa. Mashine ya mwaka 2017 yenye i5 ya kizazi cha saba, RAM GB 8 na diski ya SSD inafanya kazi zote za mwalimu, za karani na za mwanafunzi bila kukohoa. Kwa tajiri wa Ulaya kubadilisha laptopu kila baada ya miaka minne ni jambo la kawaida. Kwa familia ya Mpanda, laptopu ni mauzo ya msimu mzima wa mpunga. Kuwaambia watu hao kwamba mashine yao imepitwa wakati haijaharibika ni kuwabebesha mzigo usio wao, na naona si haki. Lakini kuona si haki hakuzibi tundu. Tunatakiwa kutafuta njia tukiwa na hasira zetu.

Na njia zipo. Nazigawa kulingana na hali tatu.

Hali ya kwanza: mashine yako inakidhi masharti. Ushauri wangu ni uhame, tena uhame kwa mpango. Anayetoka Windows 10 halali kwenda 11 hatozwi chochote. Leseni yako inaendelea. Usiende kwa mtu anayekuambia lazima ununue leseni mpya.

Hali ya pili: mashine haikidhi, na unaitumia mtandaoni. Kuna muda wa nyongeza ambao wengi hawajausikia. Microsoft imeweka mpango wa viraka vya ziada vya usalama kwa Windows 10, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa mtu binafsi, bei yake ni dola 30, lakini unaweza kuupata bure ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Sharti ni kompyuta iwe kwenye Windows 10 toleo la 22H2. Kulijua toleo lako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza kuingiza, jibu litajitokeza. Kiungo cha kujiandikisha kiko palepale kwenye ukurasa wa masasisho. Mashine za taasisi zina utaratibu wake na bei yake. Mpango huu si suluhisho la kudumu. Ni muda wa kujipanga, na muda ukipewa utumie.

Utautumiaje? Njia ya kudumu kwa mashine isiyokubalika ni kuhamia Linux. Najua wengine wakisikia jina hilo wanadhani ni kitu cha wataalamu wa vyuo vikuu. Sivyo tena. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo endeshi ya bure, halali, isiyohitaji kukreki, yaani kuvunja kufuli la leseni. Mint inakwenda vizuri kwenye mashine yenye RAM GB 4. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inapewa viraka mpaka mwaka 2029. Kwenye mifumo yote miwili unapata bure LibreOffice, ambayo inaandika barua, inatengeneza majedwali na kufungua mafaili ya Word na Excel.

Tena Mtanzania hapaswi kuiona hii kama kitu cha ugenini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi ulioitwa Kilinux. OpenOffice hiyo ndiyo mama aliyeizaa LibreOffice ya leo. Kazi ile ilionyesha zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwamba programu huria na Kiswahili vinaweza kukaa meza moja.

Linux ina mipaka yake, na sitakuficha. Microsoft Office yenyewe haiwekwi humo kwa njia ya kawaida. Baadhi ya programu za uhasibu zinataka Windows tu. Faili la Word lenye mapambo mengi linaweza kufunguka likiwa limesogeasogea. Na printa yako uihakikishe kwanza. Lakini fikiria kazi zinazofanyika kwenye stationari zetu leo: Ajira Portal, maombi ya mikopo kwenye OLAMS, leseni za biashara kwenye TAUSI, zabuni kwenye NeST. Zote hizo zinapita kwenye kivinjari, na Firefox ya kwenye Linux ni Firefox ileile. Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kuiweka. Unaandaa flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaitumia, unajaribu printa, unajaribu modemu, na Windows yako bado ipo haijaguswa. Usipoipenda unazima na kuchomoa.

Hali ya tatu: kompyuta yako haiingii mtandaoni kabisa. Katibu anachapa mihtasari, anatunza jedwali la wanachama, basi. Huyu hana sababu ya kukimbia. Abaki na Windows 10 yake. Lakini asijidanganye kwamba yuko kisiwani, maana flashi zinaingia na kutoka. Virusi vile vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati havikuja Mpanda kwa bando. Vilikuja kwa flashi, vikahama duka hadi duka, shule hadi shule. Microsoft imesema orodha za kutambua virusi za Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, zitaendelea kutolewa kwa Windows 10 mpaka Oktoba 2028, na orodha hizo zinaweza kupakuliwa kwenye mashine nyingine zikaletwa kama faili. Mwenye kompyuta ya namna hii awe na desturi mbili: kukagua kila flashi kabla ya kuifungua, na kuwa na nakala ya kazi zake mahali pengine.

Sasa hatari zilizopo katika kuhama kwenyewe. Ya kwanza ni umeme. Mji wetu kwa miaka mingi uliishi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na kila mtu hapa anajua maana ya taa kuzimika katikati ya kazi. Kuhamisha mfumo endeshi kunaweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Mwenye laptopu ahakikishe betri inakaa na chaja ichomekwe. Mwenye deskitopu asithubutu bila UPS inayofanya kazi. Na hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha. Ni jambo dogo, lakini limeshaharibu kazi za watu.

Ya pili ni kupoteza mafaili. Kabla ya kugusa chochote, nakili picha, vyeti, hesabu na mitihani kwenye diski ya nje au flashi mbili tofauti. Fundi akikuambia hakuna haja, atakuwa hana hakika ya kesho yako. Ukishahamia Windows 11 na ukaona printa au programu yako imekataa, una siku kumi za kurudi Windows 10 kwa kubonyeza tu kwenye mipangilio. Zikipita, mlango huo unafungwa. Kwa hiyo siku hizo kumi zitumie kujaribu kila kitu unachokitegemea, usisubiri mwisho wa mwezi.

Ya tatu ni gharama ya kupakua. Windows 11 ni GB tano na zaidi. Kila mtu wa mtaa akipakua yake, ni fedha nyingi zinazoruka hewani. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri anaweza kuishusha kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, akaiweka kwenye flashi ya GB 8, na flashi hiyo ikahudumia ukoo mzima. Hilo ni halali, kwa sababu leseni iko kwenye kila mashine, haiko kwenye flashi.

Ya nne, na hii naisema kwa uchungu, ni kukreki. Mashine nyingi za mtumba zinazofika kwetu zilikuwa za ofisi huko nje, na zina leseni halali ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya bodi zake. Ukiweka Windows ya aina ileile, inajitambua na kujisajili yenyewe ikiingia mtandaoni. Bado utakuta mashine kama hiyo imekrekiwa kwa programu iliyookotwa mtandaoni, ambayo ili ifanye kazi inamtaka fundi azime kinga ya virusi kwanza. Fikiria hilo: unazima mlinzi ili umwingize mtu usiyemjua. Programu za namna hiyo ni mojawapo ya njia kuu za kuingiza virusi vinavyoiba nywila. Muulize fundi wako kabla ya kumkabidhi mashine: leseni yangu ipo? Akijibu kwa kukasirika, tafuta mwingine.

Vilevile wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine isiyokidhi masharti. Inawezekana. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine hizo hazina haki ya kudai masasisho, na matoleo ya tangu mwaka 2024 hayawaki kabisa kwenye prosesa za zamani sana. Kwa kompyuta ya kuchezea, fanya utakavyo. Kwa kompyuta yenye vyeti vya watoto wa watu, sikushauri.

Neno kwa anayejiandaa kununua. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapobadilisha mashine ili kwenda na Windows 11, zile za kizazi cha sita na cha saba zinatafutiwa soko, na Kariakoo ni soko. Zitashuka bei, zitapakiwa kwenye basi, zitafika stendi ya Mpanda ziking'aa. Kama unanunua kwa ajili ya Linux, au kwa kazi zisizohitaji mtandao, ni fursa nzuri. Kama unanunua kwa ajili ya Windows, usikubali chini ya kizazi cha nane, hata muuzaji akuonyeshe Windows 11 imeshawekwa na inawaka. Soma namba ya prosesa mwenyewe.

Nchi yetu ina historia na maamuzi ya kompyuta. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta, ya kwanza nchini. Mambo hayakwenda ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Nia ilikuwa kulinda fedha chache za kigeni, na ilieleweka, lakini marufuku ile ilituchelewesha kujifunza wakati wengine wanajifunza. Kukataa jumla kulikuwa na gharama yake. Kupokea jumla, bila kuuliza, nako kuna gharama yake, nayo inalipwa na mtu mwenye kipato kidogo. Njia yetu iwe ya kuuliza kwanza, kisha kuamua, kisha kutenda kwa wakati.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, hukumu yangu ni hii. Mashine inayokubali Windows 11, ihamishe ukiwa umeshanakili kazi zako na umeme uko salama. Isiyokubali lakini inaingia mtandaoni, iandikishe kwenye viraka vya ziada sasa, na kabla ya Oktoba 2026 uwe umejaribu Linux. Isiyoingia mtandaoni, iache, ulinde flashi. Na wewe mwenye stationari, leo kabla hujafunga duka, futa nywila za wateja kwenye kivinjari chako, ufute na vyeti ambavyo wenyewe wameshavichukua. Hilo halihitaji bando, halihitaji fundi, halihitaji Windows mpya, na kuna mzazi huko Katumba ambaye hatajua kamwe kwamba umemfanyia, lakini atakuwa salama.